Nauli na Kitanda: Kwa Miguu kutoka Mpwapwa hadi Dar es Salaam

Hotuba ya mwalimu mstaafu aliyetibiwa saratani ya tezi dume, aliyoitoa Mpwapwa, Julai 2025, mbele ya wananchi waliokuja kumuaga yeye na wenzake.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, viongozi wetu wa dini, waganga na wauguzi, wazee wenzangu, wanafunzi wangu wa zamani ambao baadhi yenu sasa mna mvi kunizidi, ndugu wananchi, mbukwenyi! Naomba ichukuliwe kwamba itifaki imezingatiwa, maana nikianza kumtaja kila mmoja kwa cheo chake jua litatuzamia hapa, na kesho tuna safari.

Kesho alfajiri mimi na wenzangu watatu tutaondoka hapa kwa miguu kwenda Dar es Salaam, mwendo unaokaribia kilomita 400. Nina umri wa miaka 67, na nilimaliza matibabu ya mionzi miaka kadhaa iliyopita. Fedha tutakazochangisha hazitanunua mashine wala kujenga wodi. Zitalipa nauli na malazi ya wagonjwa wa saratani wa wilaya hii ambao matibabu yao yanawalazimu kukaa Dar es Salaam wiki baada ya wiki. Wapo walioniambia kwamba lengo hilo ni dogo mno kwa safari kubwa namna hii, na kwamba tungetafuta jambo lenye jiwe la msingi ambalo kiongozi angeweza kulizindua. Nimeomba nafasi hii ili nieleze kwa nini nadhani nauli na kitanda ndivyo vinavyoamua nani apone na nani asipone miongoni mwetu sisi wa mikoani.

Ndugu zangu, mionzi haitolewi kwa mkupuo mmoja. Dozi nzima hugawanywa katika sehemu ndogo ndogo zinazotolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, ili seli zenye afya zilizo jirani na uvimbe zipate muda wa kujirekebisha kati ya dozi na dozi, wakati seli za saratani, ambazo hazijirekebishi vizuri kiasi hicho, zinazidi kudhoofika. Mgonjwa hulala juu ya meza dakika chache tu, hasikii maumivu yoyote, kisha anashuka na kuvaa viatu vyake. Anayeishi Ilala au Temeke anaweza kupita asubuhi akatibiwa na kurudi kwenye shughuli zake. Anayetoka Mpwapwa hufungwa mjini na dakika hizo chache kwa mwezi mzima au zaidi, akiwa hana shamba, hana duka, hana jiko, na kila siku inayopita inamdai chakula na mahali pa kulala.

Sisi wa tezi dume tulikuwa na sharti letu la ziada, nalo ni kwamba mtu aingie chumba cha mionzi kibofu kikiwa kimejaa, kwa sababu kibofu kilichojaa huusogeza utumbo pembeni, nje ya njia ya mionzi. Kwa hiyo benchi letu la asubuhi lilikuwa la wazee watupu wenye chupa za maji mikononi, kila mmoja amekunywa kipimo alichoambiwa, amebana mapaja, anahesabu zamu. Aliyetangulia akichelewa kutoka, benchi zima linaguna. Pale shehe na katekista, mfugaji na ofisa mstaafu, wote walikuwa na dua moja. Jioni tulioga kwa kukwepa alama za wino tulizochorwa nyongani, kwani alama hizo ndizo zinazoielekeza mashine, na zikifutika vipimo huanza upya.

Kwenye benchi lile nilikaa na mfugaji mmoja kutoka upande wa Kongwa, jirani zetu kabisa. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa amekuja na fedha za wiki mbili, na baada ya hapo mwanawe aliyebaki nyumbani akawa anauza mbuzi mnadani na kumtumia fedha kwa simu. Kila ujumbe wa fedha ulipoingia, mzee yule alinionyesha kiasi, na kwa kuwa anawajua mbuzi wake wote, alinieleza ni yupi aliyekwenda: leo yule beberu mweusi, wiki hii yule jike mwenye pembe moja. Alikuwa anahesabu matibabu yake kwa mbuzi. Kisha ikapita wiki ambayo ujumbe haukuingia. Alisubiri siku mbili tatu, akalala kwenye baraza ya nyumba ya watu, na Ijumaa moja akaniaga akisema anakwenda kutafuta fedha na angerudi. Matibabu yake yalikuwa hayajafika hata nusu. Dawa hazikumshinda, wala mashine haikuharibika, wala daktari hakumwacha. Alishindwa na gharama ya kulala.

Wataalamu waliopo hapa watanisahihisha nikipotosha, lakini tiba ya mionzi iliyokatwa katikati si sawa na nusu ya kupona. Uvimbe ukipewa mapumziko usiyoyapanga, seli zilizosalia hupata nafasi ya kuzaliana tena, na dozi zinazokuja baadaye hukuta kazi ambayo ilikwisha kufanywa inarudiwa. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, madaktari hupenda matibabu yote ya mionzi yakamilike ndani ya wiki 8 hivi, kwa kuwa muda ukivuka hapo uwezekano wa kuidhibiti hupungua. Sasa mfikirie mama wa kijiji aliyeacha watoto watano kwa jirani, anayesikia kwa simu kwamba mdogo ana homa na unga umekwisha. Anayemwambia avumilie amalize wiki zilizobaki anapaswa kuwa na kitu mkononi cha kumsaidia avumilie.

Nataka pia nimtendee haki kila anayejitahidi. Kwa miaka mingi nchi hii yote ilitegemea Taasisi ya Saratani Ocean Road peke yake kwa tiba ya mionzi, yaani mgonjwa wa Bukoba na wa Kigoma na wa Songea wote walikuwa na mlango mmoja, kule baharini. Baadaye Bugando, Mwanza, ikaanza kutoa mionzi, na watu wa Kanda ya Ziwa wakapata nafuu kubwa. Huduma zinazidi kusogea, nami naomba nizione zikifika Dodoma nikiwa hai. Lakini hata siku hiyo ikifika, kutoka Kibakwe au Rudi hadi Dodoma kwenda na kurudi kila siku kwa wiki sita hakuwezekani, na kitanda bado kitahitajika.

Vijana wameniuliza swali zuri: mzee, treni ya mwendokasi ipo, kwa nini utembee? Ni kweli. Tangu mwaka 2024 mtu anaweza kupanda treni Dodoma na kushuka Dar es Salaam kabla hajasikia njaa, na mimi mwenyewe naipenda treni hiyo kuliko basi lolote nililowahi kupanda. Imefupisha safari, na kwa mgonjwa mwenye maumivu hilo si jambo dogo. Haikufupisha ukaaji. Mgonjwa hufika Dar es Salaam akiwa hajachoka, kisha anaanza kuuliza atalala wapi. Tunatembea ili watu wa vijiji tutakavyopita wapate muda wa kutuuliza mnakwenda wapi na kwa nini, jambo ambalo mtu aliye ndani ya treni haulizwi na yeyote.

Na njia yenyewe nimeichagua kwa makusudi. Nilifundisha jiografia na historia katika wilaya hii, kwa hiyo mtanivumilia kidogo. Hapa tuliposimama palikuwa kituo cha misafara iliyokuwa ikipita kati ya Bagamoyo na Ujiji, njia ya zaidi ya kilomita 1,000 ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya awali ya nchi yetu huko UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Mpwapwa imetajwa humo pamoja na Mamboya, Kilimatinde na Kwihara. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, akakata pori kavu la Marenga Mkali, na mahali pa kupumzika na kunywa maji palikuwa hapa kwetu. Wengine walipita hapa shingoni mwao mkiwa na minyororo, nao hatuna haki ya kuwapamba kwa hadithi za ushujaa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyoumaliza upagazi.

Sisi tutashuka Gulwe, kisha tutalifuata bonde la mto Mkondoa na reli ya zamani kupitia Godegode na Kidete hadi Kilosa. Mnalijua bonde lile. Mvua zikikasirika, mto unaondoka na tuta la reli. Kutoka Kilosa tutapita Kimamba na mashamba yake ya mkonge, tukatize tambarare ya Mkata hadi Morogoro, kisha Ngerengere, Ruvu, Kibaha na mjini. Mkata ndiko Henry Morton Stanley alikoogelea topeni na msafara wake masika ya mwaka 1871, ndiyo maana sisi tumesubiri Julai. Misafara ya zamani iliishia Bagamoyo kwa sababu majahazi yalikuwa huko. Wa kwetu utaishia Dar es Salaam kwa sababu mashine iko huko.

Nisije nikadhaniwa kwamba nimebuni jambo jipya. Yupo kijana wa Kanada aliyeitwa Terry Fox, aliyezaliwa mwaka 1958, mwaka uleule niliozaliwa mimi. Akiwa na miaka 18 alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa ajili ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alitumbukiza mguu wake wa bandia katika bahari ya Atlantiki na kuanza kukimbia kuelekea magharibi, kila siku karibu kilomita 42, akiomba dola moja kwa kila Mkanada. Siku za mwanzo ilikuwa shida hata kupata wa kumsikiliza. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, karibu na mji wa Thunder Bay, ilibainika kwamba saratani imeingia mapafuni, akasimama. Hakumaliza njia. Kabla hajafariki, Juni 1981, michango ilikuwa imevuka dola milioni 24, na Kanada wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 24. Mimi na yeye ni rika moja. Yeye aliishia miaka 22, mimi nimepewa 45 zaidi, nimeoa, nimefundisha, nimewaona wajukuu, na sijui ni kwa sifa gani. Nilichojifunza kwake ni hesabu tu: kuomba kidogo kutoka kwa kila mtu badala ya kumsubiri mfadhili mmoja mwenye gari kubwa. Ndiyo maana sisi tunaomba shilingi elfu moja kwa kila kaya.

Lakini kuna mfano mwingine ambao nawaomba wajumbe wa kamati yetu wausikilize kwa makini zaidi kuliko huo wa kwanza. Aprili 2020, wakati wa korona, mzee wa Kiingereza, Tom Moore, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa anakaribia miaka 100, aliamua kuzunguka bustani ya nyumbani kwake mara 100 akijikongoja kwa kifaa cha kutembelea. Alitaka kuwashukuru watu wa afya waliomtibu saratani ya ngozi na nyonga iliyovunjika, na lengo lake lilikuwa pauni 1,000. Zikaja zaidi ya pauni milioni 32. Fedha hizo zilikwenda kwa hisani zinazosaidia hospitali za umma, kama alivyoahidi, na hakuna aliyezitilia shaka. Ila baadaye ilianzishwa taasisi yenye jina lake, na Novemba 2024 mamlaka ya Uingereza inayosimamia mashirika ya hisani ilitoa ripoti iliyoeleza utovu wa maadili na usimamizi mbaya uliojirudia ndani ya taasisi hiyo. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki tangu Februari 2021. Jina jema la marehemu likaingia katika magazeti kwa mambo asiyoyafanya.

Kwa hiyo sisi tumekubaliana mapema, mbele ya mwanasheria wa halmashauri. Akaunti ina watia saini watatu, na mimi si mmojawapo. Kila wiki hesabu ya kilichoingia na kilichotoka itabandikwa katika ofisi ya kata, msikitini na makanisani, kwa maandishi makubwa ambayo hata aliyesahau miwani atayasoma. Fedha hazitapewa mgonjwa mkononi wala ndugu yake. Zitalipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba ya kulala na kwa tiketi, baada ya muuguzi wa wilaya kuthibitisha ratiba ya matibabu. Na watembeaji tunakula cha kwetu. Maji, sabuni, dawa ya malengelenge, mafuta ya bajaji itakayobeba mizigo, vyote vimelipwa na sisi na watoto wetu. Mkinikuta Morogoro nakunywa soda, mjue ni ya pensheni yangu.

Sasa nigusie afya, maana mke wangu yuko hapa mbele na ananitazama. Sikuamka tu siku moja nikavaa viatu. Sindano za kushusha homoni, ambazo wengi wetu hupewa pamoja na mionzi, hupunguza misuli na kudhoofisha mifupa, na humletea mwanamume vipindi vya joto la ghafla. Vilipoanza, mama watoto alicheka hadi akakaa chini, akaniambia karibu sana, sasa utajua tuliyokuwa tunayasema. Niliruhusiwa na daktari baada ya kupimwa moyo na mifupa, na kwa miezi mingi nimekuwa nikipanda na kushuka kuelekea milima ya Kiboriani, mwanzoni nikipumzika kila penye kivuli. Mwezi uliopita yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika hasa Kanada na Australia, kwa wagonjwa 889 waliokwisha kupata matibabu ya saratani ya utumbo mpana. Waliofuata programu ya mazoezi yenye usimamizi kwa miaka 3 walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 37 wakilinganishwa na waliopewa vijitabu vya ushauri tu. Nasisitiza mambo mawili: saratani hiyo si yangu, na watu hao wote walitibiwa kwanza. Asitokee mtu akaacha dawa akasema mwalimu amefundisha kutembea.

Na kwa wanaosema umri wangu ni wa kukaa barazani, mwaka 1955 bibi mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, alitembea peke yake njia ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000 za milima, akiwa amevaa viatu vya raba na mfuko aliojishonea begani. Alikuwa na miaka 67. Kwangu mimi kilomita 400 zenye bajaji nyuma ni matembezi ya adabu.

Wanaume wenzangu, kuna maneno nisipoyasema leo sitayasema tena. Saratani ya tezi dume mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Kuamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa, au mkojo kutoka kwa shida, kunaweza kuwa ni tezi kutanuka kwa uzee tu, na kunaweza kuwa ni jambo jingine, na hakuna anayeweza kutofautisha kwa kukaa kijiweni na kushauriana. Kipimo cha damu kinachoitwa PSA ni cha sindano mkononi. Wakati mwingine daktari atahitaji pia kupima kwa kidole, na najua kwamba hapo ndipo wengi wenu mnapokumbuka kuwa mmeacha ng'ombe porini. Ni muda mfupi kuliko mzaha mnaoufanyia. Mwenye baba au kaka aliyeugua amuulize daktari mapema zaidi.

Akina mama mmetutangulia, hilo lazima nilikiri. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa kutumia siki unafanyika katika vituo vyetu, majibu hutolewa palepale, na mabadiliko ya awali yakionekana hutibiwa kabla hayajawa saratani. Chanjo ya HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani hiyo, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na sasa binti wa miaka 9 hadi 14 anachanjwa dozi moja tu. Mzazi anayemficha binti yake siku ya chanjo kwa uvumi wa mitandaoni, muuguzi yuko hapa leo, aje aulize maswali yake yote bila aibu.

Ndugu wananchi, nimalizie na utaratibu. Tutaondoka hapa kiwanjani saa 11 alfajiri, ili tufike Gulwe kabla jua halijapanda sana. Masanduku ya michango yako mawili, yamefungwa kwa lakiri, na funguo zinabaki kwa katibu wa kata; namba ya simu ya kutuma imebandikwa mlangoni pa ofisi, na jina linalotokea ni la akaunti, si la mtu. Ukiona jina la mtu, usitume, utupigie. Wanafunzi wanaotaka kutusindikiza waje na barua ya mwalimu mkuu na maji yao. Msilete viatu vipya kama zawadi, kwa sababu kiatu kipya njiani ni ugonjwa mwingine. Aliyekwisha kununua akiuze na alete fedha. Gulwe tutaagana kwenye kivuko cha reli, na naomba mtu yeyote asiahidi kwa furaha kwamba ataendelea nasi hadi Godegode, kwani lori la kuwarudisha limelipiwa kutoka Gulwe tu, na dereva wake namfahamu tangu darasa la nne: hasubiri mtu.